Mimba Baada ya Kufunga Kizazi

Mwanamke aliyezaa watoto akaona wanamtosha, akashauriana na mumewe, akatia sahihi karatasi ya idhini na kulala mezani mbele ya tabibu ili afungwe kizazi, huondoka hospitalini na yakini moja kubwa moyoni, kwamba habari za kubeba mimba zimekwisha kwake na hazitarudi tena mpaka mwisho wa umri wake. Yakini hiyo ina msingi imara, maana katika njia zote za kupanga uzazi ni chache mno ziwezazo kushindana na hii kwa uthabiti; lakini haikukamilika, na kwa kuwa haikukamilika huja siku, pengine baada ya mwaka mmoja na pengine baada ya miaka kumi, ambapo mmoja katika wengi hukosa hedhi yake, akangoja wiki ya kwanza, akangoja na ya pili, wala asithubutu kumweleza mtu lile analolidhania, kwa sababu anajua kwamba kila atakayemweleza atamjibu kuwa haliwezekani. Linawezekana, na ni wajibu wa kila mwenye kuhusika, yaani mwanamke mwenyewe, mumewe na mhudumu atakayempokea kliniki, kujua linawezekana kwa kiasi gani, kwa njia zipi, na kwa nini linapotokea halifai kungojewa hata kwa siku chache.

Kila mwanamke ana mirija miwili ya uzazi, mmoja kulia na mmoja kushoto, ambayo kila mmoja urefu wake wapata sentimita 10 hadi 12, ukianzia katika pembe ya mji wa mimba na kuishia karibu na ovari, ambako ncha yake imechanua mithili ya vidole vyembamba vya kulipokea yai litokapo. Aliyeieleza barabara mirija hii ni Gabriele Falloppio, mwanachuoni wa Padua nchini Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1561, na tangu hapo matabibu wa dunia nzima huiita kwa jina lake. Yai likishatoka katika ovari huishi kwa muda mfupi, aghalabu halizidi siku moja, ilhali mbegu za mume zaweza kukaa hai katika mwili wa mwanamke hadi siku tano zikilingoja. Zikikutana nalo hukutana ndani ya mrija, wala si ndani ya mji wa mimba kama wengi wanavyodhani, kisha yai lililotungishwa husafiri siku kadhaa kuteremka mpaka mji wa mimba, na huko ndiko lishikapo na kukua. Basi mrija ukizibwa, yai na mbegu havionani. Ovari huendelea na kazi yake, hedhi huja kwa mwezi wake, na hamu ya mwanamke kwa mumewe haipungui kwa sababu ya kisu, kwa kuwa hakuna homoni yoyote iliyoguswa.

Upasuaji huu si wa jana. Mwaka 1880, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, tabibu aitwaye Samuel Lungren alimpasua mwanamke kumtoa mtoto tumboni kwa mara ya pili, na kwa kuhofu kwamba mara ya tatu ingemwua, akaifunga mirija yake kwa uzi kabla ya kulishona tumbo. Waliomfuata waligundua upesi kwamba kufunga uzi peke yake hakutoshi, kwa kuwa mrija uliofungwa bila kukatwa huweza kujipenyeza upya, na wakatafuta mbinu juu ya mbinu. Iliyoenea kuliko zote ni ya Ralph Pomeroy wa Brooklyn, ambaye alifariki mwaka 1925 bila kuitangaza, ikatangazwa na wenzake mwaka 1930. Nayo ni nyepesi ajabu, na ndiyo ambayo mpaka leo, kwa sura hii au ile, hutumiwa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Inafaa tuitazame kwa karibu, kwa kuwa asiyejua namna mrija unavyofungwa hataelewa namna unavyoweza kufunguka. Mwanamke huchomwa dawa ya ganzi chini ya ngozi, juu kidogo ya mfupa wa kinena, au chini ya kitovu ikiwa amejifungua siku chache tu zilizopita na mji wa mimba ungali juu. Yu macho, anasikia mazungumzo ya wauguzi, na anasikia kuvutwavutwa tumboni kusiko maumivu makali. Tabibu hukata tundu la sentimita tatu hivi, akaingia mpaka ndani, akauvuta mrija taratibu kwa koleo lisilo meno, na kabla ya kufanya neno jingine lolote huufuata kwa macho mpaka mwisho wake, hata avione vile vidole vya ncha, kwa maana hapo tu ndipo apatapo hakika kwamba alichokishika ni mrija na si kitu kingine kinachofanana nao. Kisha huukunja katikati uwe kitanzi, hukifunga kitanzi hicho shinani kwa uzi ambao mwili huuyeyusha baada ya siku chache, na kukikata juu ya fundo. Uzi ukishayeyuka, ncha mbili zilizokatwa huachana, kila moja ikajifunga kwa kovu lake, na pengo likabaki kati yake. Hufanya hivyo upande wa pili, hushona, na mama huenda nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake. Kwingine, hasa katika nchi zenye vyombo vingi, kazi hufanywa kwa kuingiza kioo chembamba tumboni, na mirija huunguzwa kwa umeme, au hubanwa kwa kibanio kidogo, au huvishwa pete ya mpira.

Sasa mimba hupita wapi? Huenda haikupita popote, bali ilikuwa imekwisha kuingia kabla ya kisu. Mwanamke aliyekutana na mumewe siku chache kabla ya upasuaji aweza kuwa tayari amebeba mimba changa ambayo hakuna kipimo cha mkojo kinachoweza kuigundua, na ndiyo sababu wahudumu wenye uangalifu hupenda kumfunga mtu katika siku saba za mwanzo wa hedhi yake, au katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua, au wakati ambapo ametumia njia nyingine ya kuaminika bila kukatiza. Huenda kosa likawa la mkono: badala ya mrija, tabibu aliye katika haraka, au aliyepasua tumbo lenye makovu ya zamani, hushika kano ya mviringo ambayo nayo hutoka katika pembe ile ile ya mji wa mimba, akaifunga na kuikata kwa ufundi mwema, na mrija wenyewe ukabaki salama. Huenda pia kazi ikafanywa upande mmoja tu. Mahakama Kuu Kabisa ya India iliwahi, mwaka 2000, kuamua daawa ya mwanamke maskini, mfanyakazi wa kibarua wa jimbo la Haryana, ambaye alikuwa na watoto saba na akaenda kufungwa kizazi mwaka 1988, akahakikishiwa kwamba hatazaa tena, naye akazaa mtoto wa nane. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mrija wa kulia ulifungwa na wa kushoto haukuguswa, na mahakama ikaithibitisha hukumu ya kwamba serikali ya jimbo imlipe fidia ya kumlea mtoto huyo. Katika Queensland, Australia, mwanamke mwingine alimwambia tabibu wake kuwa mrija wake wa kulia uliondolewa katika upasuaji wa utotoni. Tabibu, kwa kuwa makovu ya ndani yalimzuia kuona vyema na hakuona la kumkanusha, akaubana wa kushoto peke yake, na baada ya miaka zaidi ya minne mwanamke akashika mimba kwa njia ya ule mrija uliodhaniwa haupo. Kesi hiyo iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2003, majaji wanne dhidi ya watatu, nayo ikawapa mama na mumewe gharama za malezi.

Lakini nisingependa msomaji adhani kwamba kila mimba ya namna hii ni ushahidi wa uzembe. Mahakama hiyo hiyo ya India, mwaka 2005, katika daawa nyingine, ilitamka wazi kwamba kushindwa kwa upasuaji peke yake si dalili ya kosa la tabibu, kwa sababu mwili una njia zake. Mrija uliokatwa ipasavyo huweza, kwa miezi au kwa miaka, kuota upya: ncha mbili zikakaribiana, utando wa ndani ukatambaa kutoka upande huu mpaka wa pili, na kijia chembamba kikatokea ambacho jicho haliwezi kukiona, au ncha iliyo upande wa mji wa mimba ikatoboka na kuacha tundu dogo linaloelekea tumboni, ambalo mbegu za mume hulipenya. Kibanio nacho huweza kuteleza, au kukosa kuubana mrija mzima kwa sababu ni mnene kuliko kawaida. Hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kuyazuia yote haya, na tabibu mwaminifu ni yule anayemweleza mgonjwa wake kabla, wala si yule anayemwahidi jambo lisilo katika uwezo wake.

Na kiasi chake? Uchunguzi mkubwa uliojulikana sana katika jambo hili ulifanywa Marekani, ambako wanawake 10,685 waliofungwa kizazi kati ya miaka ya 1978 na 1987 walifuatiliwa kwa miaka 8 hadi 14, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1996. Kabla ya hapo matabibu wengi walikuwa wakiamini kwamba ikiwa mimba haikuingia katika mwaka wa kwanza au wa pili, basi haitaingia. Uchunguzi ulionyesha kwamba hatari ni ndogo lakini haikomi, bali hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, hata kufikia mwisho wa miaka 10 wanawake kama 18 au 19 katika kila 1,000 wakawa wameshika mimba. Mbinu hazikulingana. Waliokatwa mirija mara baada ya kujifungua walikuwa 7 au 8 tu katika 1,000. Waliobanwa kwa kibanio cha wakati ule walizidi 36. Kuunguza kwa umeme wa namna ya zamani kulikuwa na matokeo mema kama ya kukata baada ya kujifungua, lakini umeme ule uliwahi kuunguza matumbo na kuua watu, na matabibu wakauacha wakachukua ulio mpole zaidi, ambao nao huacha nafasi kubwa zaidi ya mrija kupona. Umri ulikuwa na neno lake pia: mwanamke aliyefungwa kabla hajatimiza miaka 28, na akafungwa kwa kuunguzwa kwa ule umeme mpole au kwa kibanio, alikuwa na hatari ya zaidi ya 50 katika 1,000 kwa miaka 10, kwa sababu rutuba yake ilikuwa ingali na miaka mingi mbele yake.

Mwaka 2024 watafiti wa California walitoa uchunguzi mwingine, safari hii si kwa kuwafuata wagonjwa wa hospitali teule bali kwa kuwauliza maelfu ya wanawake wa Marekani katika mahojiano ya taifa, na wakapata kwamba waliosema wameshika mimba baada ya kufungwa walikuwa kati ya 3 na 5 katika kila 100, yaani zaidi ya hesabu ya zamani. Kumbukumbu ya mtu si sawa na daftari la hospitali, na kwa hiyo mimi siichukui hesabu hii kama neno la mwisho. Lakini hata ikipunguzwa, inatosha kutuonya kwamba tukisema jambo hili ni nadra, tuseme nadra, wala tusiseme halipo.

Nimefika katika sehemu ya habari hii ambayo ndiyo iliyonifanya niishike kalamu. Mimba inayoingia baada ya mirija kufungwa ina tabia mbaya ya kutunga pasipo pake. Mbegu ya mume ni ndogo mno, na yai ni kubwa mara nyingi kuliko mbegu, kiasi cha kukaribia kuonekana kwa macho matupu; hivyo katika ule ujia mwembamba uliojifungua upya, mbegu hupita na yai lililotungishwa hukwama, kama vile katika chekeche unga upitavyo na chenga zikabaki juu. Likikwama hushika pale pale ndani ya mrija na kuanza kukua, na mrija haukuumbwa kumbeba mtoto. Katika uchunguzi ule wa kwanza wa Marekani, theluthi moja ya mimba zote zilizotokea baada ya upasuaji zilikuwa nje ya mji wa mimba, ilhali kwa wanawake wote kwa jumla mimba za namna hiyo huwa kama 1 au 2 tu katika 100. Wala hatari hii haikupungua kwa kupita siku, bali katika mwaka wa nne mpaka wa kumi ilikuwa sawa na katika mitatu ya kwanza. Haki inataka tuseme pia kwamba, kwa kuwa mimba zenyewe ni chache, mwanamke aliyefungwa kizazi yu mbali na janga hili kuliko yule asiyetumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Ila mara akishashika mimba, ana sababu ya kuhofu upesi kuliko mwingine.

Fikiri basi mambo yanavyokwenda katika zahanati zetu nyingi. Anakuja mama wa miaka thelathini na mitano, amejishika ubavu wa chini, anasema tumbo linamkata upande mmoja tangu jana na ametokwa na matone ya damu nyeusi. Anaulizwa hedhi ya mwisho. Hakumbuki vizuri, anadhani ilichelewa. Anaulizwa kama aweza kuwa na mimba, anajibu kwa haraka, na kwa uaminifu mtupu, "Hapana, mimi nilifunga kizazi nilipojifungua mtoto wa mwisho." Mhudumu anaandika katika daftari, na kalamu inapoandika maneno hayo, mlolongo mzima wa fikira unageuka: hapimwi mkojo kwa ajili ya mimba, hupimwa malaria na maambukizo ya njia ya mkojo, hupewa vidonge vya maumivu na dawa ya kuua vijidudu, na huambiwa arudi baada ya siku tano. Mrija unaopasuka haungoji siku tano. Aghalabu hupasuka kati ya wiki ya sita na ya kumi tangu hedhi ya mwisho, na ukipasuka, damu humiminika ndani ya tumbo, mahali ambapo hakuna anayeiona. Mama huhisi kizunguzungu, jasho la baridi humtoka, mara nyingine husikia maumivu ya ajabu begani kwa sababu damu imefika chini ya kiwambo kitenganishacho tumbo na kifua na kukiudhi, kisha huzimia, na kama hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea iko mbali, anakufa. Kipimo cha mkojo ambacho kingemwokoa ni cha bei ndogo, na jibu lake hutoka kwa muda wa dakika tano.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningependa ibandikwe ukutani katika kila chumba cha kupokea wagonjwa: mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa, akilalamika tumbo au kukosa hedhi au kutokwa na damu pasipo wakati, apimwe mimba, awe amefunga kizazi au hakufunga, na aliyefunga kizazi, mkojo ukionyesha mimba, ahesabiwe kuwa ana mimba ya nje mpaka picha ya ultrasaundi imthibitishie kwamba iko ndani ya mji wa mimba. Mimba ya nje ikigunduliwa mapema na mama akiwa hana dalili za kuvuja damu, huweza kutibiwa kwa sindano ya dawa peke yake. Ikichelewa, tiba yake ni kisu.

Ikiwa picha imeonyesha kwamba mimba iko mahali pake, basi hatari hiyo imeondoka, na mimba hiyo hukua kama mimba nyingine zote. Mtoto hadhuriki kwa sababu ya mirija iliyofungwa, wala uzi au kibanio kilichobaki tumboni hakimgusi. Mama aanze kliniki kama ada, na atakapojifungua ashauriane upya na tabibu juu ya njia itakayomfaa.

Hadhari ya mwili ni sehemu moja, na nyumba ni nyingine. Mwanamke huyu anaporudi kwake na habari ya mimba, mara nyingi hukabiliwa na dhana mbaya. Mume husema, "Wewe ulifungwa mbele ya macho yangu, na hii mimba imetoka wapi?" na majirani humalizia kwa maneno yao. Ajabu ya tuhuma hii ni kwamba haina hata chembe ya mantiki. Kama mkewe angekuwa hakufungwa na yeye mume ndiye aliyefungwa, pangekuwa na la kuuliza, ijapokuwa upasuaji wa mwanamume nao huweza kushindwa. Lakini mirija ya mwanamke ikifungwa imefungwa kwa wanaume wote sawasawa, na ikifunguka imefunguka kwa wote sawasawa, hivyo mimba hiyo haisemi neno lolote juu ya uaminifu wa mke zaidi ya walivyosema watoto waliotangulia. Mume aliyelala na mkewe na akaona mkewe ana mimba, hana sababu ya kumtafuta baba mwingine. Wapo pia watakaomwambia mama huyo kwamba Mungu amemwadhibu, kwa kuwa wanavyuoni wengi wa Kiislamu hawakubali kufunga kizazi moja kwa moja isipokuwa kwa dharura, na Kanisa Katoliki limekukataza. Mwenye dini na aulize wanavyuoni wake kabla ya upasuaji, na hiyo ndiyo adabu. Bali baada ya mimba kuingia, kumwekea mama aliye katika hofu mzigo wa laana juu ya mzigo wa tumbo ni ukatili, na mimi nauona kuwa ni ukatili usio na udhuru.

Wenye wajibu wa kuzuia fedheha hizi ni wale wanaotoa karatasi ya idhini isainiwe. Mara nyingi maelezo hutolewa wakati mama yuko katika uchungu wa kuzaa, au karatasi husomwa kwa lugha asiyoielewa, na neno linalobaki kichwani mwake ni kwamba "hutazaa tena". Aambiwe mapema, katika mwezi wa saba au wa nane wa mimba akiwa na utulivu, na mumewe akiwapo ikiwa yeye mwenyewe apenda, kwamba katika wanawake 200 kama yeye mmoja huweza kushika mimba katika mwaka wa kwanza, na wengine wachache katika miaka inayofuata. Aambiwe dalili za mimba ya nje. Na apewe kadi iliyoandikwa namna mirija yake ilivyofungwa na tarehe yake, aitunze pamoja na kadi za watoto. Aambiwe pia kwamba kuna upasuaji wa mwanamume, ambao ni mwepesi zaidi, hatari zake ni chache zaidi na uthabiti wake ni mkubwa zaidi, nao una fadhila ambayo wa mwanamke hauna: baada ya miezi mitatu manii ya mume hupimwa ili ijulikane kama bado yana mbegu, ilhali kwa mwanamke hakuna kipimo cha kawaida cha kuthibitisha kwamba kazi imekamilika. Siku hizi matabibu wengi huiondoa mirija yote mizima badala ya kuikata kipande, na njia hiyo huacha nafasi ndogo kabisa ya mimba, tena hupunguza hatari ya saratani ya ovari. Palipo na ujuzi wake, mwanamke ana haki ya kuiuliza.

Liko kundi la pili, dogo lakini lenye majonzi, nalo ni la wale wanaoitaka mimba baada ya kufungwa. Mtoto hufa, ndoa huvunjika, mwanamke huolewa tena na mume asiye na mtoto. Katika uchunguzi ule ule wa kwanza wa Marekani, waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, mmoja katika kila watano alisema ndani ya miaka 14 kwamba anajuta, ilhali kwa waliovuka 30 walikuwa kama 6 katika 100. Mirija huweza kuunganishwa tena kwa upasuaji wa hadubini, na katika mikono ya mabingwa zaidi ya nusu ya wanawake vijana hupata mimba, mradi kipande cha kutosha cha mrija kimebaki. Waliounguzwa kwa umeme hawana matumaini makubwa kama hayo, na wote hubaki na hatari ya mimba ya nje. Njia ya pili ni kutungisha yai nje ya mwili na kulirudisha moja kwa moja katika mji wa mimba bila kuhitaji mirija. Robert Edwards na Patrick Steptoe wa Uingereza ndio waliofanikiwa kwanza, akazaliwa mtoto wa kike mjini Oldham tarehe 25 Julai 1978 kwa mama ambaye mirija yake ilikuwa imeziba. Utaalamu huo umefika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, lakini gharama yake ni ya wachache, na hakuna anayepaswa kufungwa kizazi huku akijiambia kwamba atakuja kufunguliwa.

Nawasihi basi kina mama waliofunga kizazi: hedhi ikichelewa kwa wiki moja, nunua kipimo cha mkojo duka la dawa siku hiyo hiyo, na kikionyesha mistari miwili, nenda hospitali yenye ultrasaundi kabla ya wiki kwisha, na ukiumwa tumbo upande mmoja, au ukihisi kizunguzungu au maumivu ya bega, usingoje hata kipimo, nenda usiku ule ule, na neno la kwanza utakalomwambia mhudumu liwe hili: nilifunga kizazi, na nina mashaka kuwa nina mimba. Akikujibu kwamba haiwezekani, usiondoke mpaka akupime.